Aksheni ya Mkono wa Kulia

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, siku Baba Mkubwa aliponipeleka kwa fundi wa bunduki kule Hounslow, hapa hapa London, na kila nikiikumbuka damu inanichemka hata leo, mwanamke mzima mwenye wajukuu. Kwa hiyo usitegemee maneno matamu. Umefunga safari mwenyewe mpaka Thornton Heath, umekula pilau yangu, ukanitolea simu yenye mapicha ya vyuma vinavyong'aa, ukaniuliza, "Mama mkubwa, nichague aksheni gani ya bunduki?" Umeniuliza mie kwa sababu mama yako amekwambia kwamba dada yake zamani alikuwa mpiga shabaha. Haya, umeuliza, utasikiza. Na hiyo simu iweke chini.

Najua unachotaka. Unataka nikutajie kampuni moja, uiagize, ukawaringie wenzako kilabuni. Hayo ya chuma nitakwambia pia, maana nayajua, sikuyasoma kwenye simu. Lakini nimekuona ukila, Idrisi. Tangu u mtoto nakuona unavyoanza kunyoosha mkono wa kushoto halafu unaurudisha mbio kama umegusa sufuria jikoni. Na umesema, kwa kupitisha tu, kwamba baba yako anataka uchukue ya mkono wa kulia, kama watu wote, ili watu wasiseme. Hilo ulilolipitisha ndilo nitakalolijibu mie.

Sisi wawili, weye na mie, tumezaliwa na shoto. Mombasa nilikozaliwa, mtoto wa shoto alikuwa haachwi apumue. Ukipokea kitu kwa kushoto, unapigwa kofi la mkono. Ukimpa mtu mzima kitu kwa kushoto, hapokei, anakutazama tu mpaka uone haya. Mama yangu alinifundisha kula kwa kulia, na mpaka leo nala kwa kulia, na nitakula hivyo mpaka nife. Hayo ni mafunzo ya dini yangu na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na watu waliochukua adabu ya sahani wakaipeleka kila mahali, kwenye kisu cha kukatia vitunguu, kwenye sindano, kwenye kalamu, mpaka kwenye bunduki. Hivi kuna sheikh gani aliyewahi kuuliza bolti, lile komeo la bunduki, iko upande gani?

Baba yangu alipofariki, kaka yake aliyekuwa London, Baba Mkubwa Athmani, akaniita nije nikae naye. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, nimemaliza shule. Sitaki umdhanie mtu mbaya, maana hakuwa. Alikuwa amefanya kazi ya askari wa wanyamapori kabla ya kuja huku, na huku alikuwa akipakia mizigo kwenye ndege Heathrow. Mgongo ulikuwa unamuuma kila siku ya Mungu, na bado Jumamosi anaamka, anapiga pasi suruali, anakwenda kilabu cha shabaha nje ya mji, upande wa Surrey. Bunduki ndiyo kitu pekee alichokuja nacho moyoni kutoka kwao. Hakutaka kuniacha peke yangu nyumbani, akawa ananichukua.

Watu wakaanza. Unawajua watu wetu. Mtoto wa kike na bunduki, tena mbele ya Wazungu, amelala chini kifudifudi! Mzee mmoja akamfuata Baba Mkubwa mpaka mlangoni kumwambia. Baba Mkubwa akamjibu, "Kwani jicho nalo kuna la kiume na la kike?" Yule mzee akaondoka anakohoa. Nikampenda Baba Mkubwa siku ile kuliko nilivyowahi kumpenda mtu. Ndiyo maana yaliyofuata yaliniuma hivyo, maana yalitoka kwa mtu ambaye tayari alikuwa amethubutu kunisimamia.

Kilabuni kulikuwa na kocha, mama wa Kiingereza aitwaye Jean, mwembamba, hana maneno mengi. Mara ya kwanza ni yeye aliyenilaza chini na bunduki ndogo ya kilabu, zile za kutia risasi moja moja. Hakuniuliza mila. Alitazama mikono yangu, akaniwekea kitako kwenye bega la kushoto, akaniambia nipumue. Nilipiga, mwanangu. Sijui nikwambieje. Nilikuwa mtu ninayesafisha vyoo vya ndege siku sita kwa wiki, najikwaa kwa lugha, kila mlango wa mji huu nauvuta pale palipoandikwa nisukume, halafu kitu cha kwanza kilichonikubali kilikuwa duara jeusi la karatasi mbali kule. Baba Mkubwa alipoletewa karatasi yangu alinibusu kichwa. Kisha akaja kunitazama napiga, akaniona nilivyolala, bunduki begani kushoto, na furaha ikamkauka usoni.

"Hizi za kuchezea, sawa," akaniambia tukirudi. "Tukijenga yako tutaanza upya, kwa adabu."

Nikadhani ni maneno tu. Muda ukapita, nikazidi kupiga vizuri, mpaka Bi Jean akasema kwamba atachagua vijana wa kuingia timu ya eneo letu, na mie jina langu analo, ila ni lazima niwe na bunduki yangu ya masafa marefu, hizi za kilabu hazifiki. Nilichotaka duniani wakati ule kilikuwa ni nafasi ile tu. Nilikuwa nalala nayo, naamka nayo. Nikisugua sinki la ndege najiona nimevaa koti la timu. Baba Mkubwa akasema tutajenga bunduki, haijengwi na mtu mwingine ila na fundi Kuldip.

Fundi Kuldip alikuwa Singasinga wa Nakuru. Baba yake aliwatengenezea bunduki wawindaji na wakulima, naye akarithi kazi, akaja nayo Hounslow. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, chini kabisa ya njia ya ndege, na alikuwa na tabia moja ya kuchekesha: ndege ikipita anasimamisha sentensi katikati, kidole juu, anangoja, kelele zikiisha anaendelea na neno lilelile alipoachia. Kiswahili chake kilikuwa cha mbio kuliko chetu. Tulimpenda kwa hilo, ilikuwa kama kuingia dukani nyumbani.

Akatutandikia kitambaa juu ya meza, akaweka aksheni mbili. Nakwambia aksheni kwa sababu mafundi wa hapa wanaiita hivyo na mie sijui neno jingine. Ni lile pande la chuma katikati ya bunduki, ambamo bolti inaingia na kutoka. Bolti ikifungwa humo ndiyo inayoishika risasi wakati inalia. Mtutu unaungwa mbele yake, kitako kinavishwa chini yake.

"Sikizeni," akasema fundi. "Mtutu ni kama tairi, ukichakaa unafunga mwingine. Kitako ni nguo, usipokipenda unashona kingine. Hii hapa ndiyo bunduki yenyewe. Namba yake ndiyo polisi wanayoiandika kwenye kibali. Mkikosea hapa, mmekosea bunduki nzima."

Aksheni moja ilikuwa ya mkono wa kulia, mpini wa bolti umetokea kulia. Ya pili ilikuwa ya kushoto. Fundi alisema aliiagiza kwa ajili ya mteja fulani aliyehama nchi kabla haijafika, na kwamba nzuri kama ile hazipatikani kirahisi, mtu anangoja na kungoja. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Nikainua mpini, nikavuta, nikasukuma, nikafunga. Ilikwenda kama droo mpya ya kabati. Sikuhitaji kuutafuta ule mpini, ulikuwa pale mkono wangu ulipo. Nikacheka peke yangu.

"Weka chini," akasema Baba Mkubwa.

Nikaiweka chini.

Fundi alikuwa ameshanipima. Aliniambia ninyooshe kidole kwenye saa ya ukutani macho yote mawili wazi, halafu nifumbe moja, halafu jingine. Weye pia fanya hivyo leo ukirudi nyumbani, ni kipimo cha kitoto lakini hakidanganyi: jicho ambalo ukibaki nalo peke yake kidole kinabaki kwenye saa, ndilo jicho lako. Langu lilikuwa la kushoto. Fundi akamwambia Baba Mkubwa, "Mzee, mtoto huyu ni wa kushoto mkono na jicho. Tumjengee hii."

"Kwangu hakuna mtoto wa kushoto. Kuna mtoto ambaye hakufundishwa, na wa kumfundisha ni mie."

"Kwani bunduki ni chakula, mzee?" Fundi alitaka kumchekesha.

Baba Mkubwa hakucheka. "Atasimama nayo mbele za watu," akasema. "Wale wale walioniambia simlei vizuri. Mtoto wa kike, nimewajibu. Sasa niwape na shoto? Wataiona shoto yake kabla hawajaiona shabaha. Mjengee ya kulia."

Fundi akanigeukia. "Na wewe binti, unasemaje? Wewe ndiye utakayelala nayo." Na hapo ndege ikaja. Kidole cha fundi juu, Baba Mkubwa anatazama dari, madirisha yanatetemeka, nami nina muda wote ule wa ndege kupita wa kutafuta la kusema. Ikapita.

"Baba ndiye anayejua," nikasema.

Usinitazame hivyo, Idrisi. Nyinyi vijana wa hapa mna neno lenu, "ungesema tu." Ungesema tu! Nyumba ni yake, chakula ni chake, tiketi ya ndege iliyonileta ni yake, na heshima aliyonitetea mlangoni ni yake pia. Yatima anasema nini? Walikuwapo watu wazima wawili mle karakanani, mmoja amenilea na mmoja anajua kazi, na wakamwachia msichana wa kukaribishwa nyumbani kwa watu ndiye awapinge. Siombi msamaha kwa hilo. Na fundi akainua mabega, akaiviringisha ile ya kushoto kwenye karatasi yake yenye mafuta, akairudisha rafuni. Aliiviringisha taratibu sana.

Bunduki ikajengwa. Lo, ilikuwa nzuri! Sitaidhulumu. Kitako cha mti wa mjozi chenye mishipa, sehemu ya kuegemezea shavu imechongwa vizuri, upande usio wangu. Triga ya kufyatulia nyepesi, kwenye kidole ambacho hakijawahi kufanya kazi ya maana. Baba Mkubwa akaanza kunifundisha upya sebuleni, nimelala kwenye zulia. Akanibandikia karatasi kwenye miwani ya kupigia shabaha, jicho la kushoto lisione. Kichwa kilikuwa kinaniuma mpaka natapika. Na sasa alikuwa hasahihishi bunduki peke yake. Nikikata vitunguu, "Mkono!" Nikifungua mlango kwa ufunguo, "Mkono!" Nikipanga viatu vyake, "Mkono!" Nikawa naogopa kushika kitu chochote akiwa ndani.

Ukitaka kujua kama niliweza, niliweza nusu. Mtu anaweza kujifunza mengi kwa woga. Nilikuwa napiga si vibaya kulia, siku tulivu, hakuna haraka, hakuna mtu. Baba Mkubwa akaridhika, akasema umeona, ni mafunzo tu. Bi Jean alinitazama mara moja tu nikiwa nimelala upande huo, akapita kwenda kwa mwingine. Wale Waingereza, mambo ya familia za watu hawaingilii, na mara nyingine natamani wangekuwa wambeya kama sisi.

Siku ya kuchagua timu ilikuwa na upepo unaobadilika, na tulikuwa tunapiga kwa muda. Wasiojua wanadhani shabaha ni kulenga. Nusu yake ni kutulia wakati saa inakukimbiza. Nilianza vizuri. Kisha upepo ukageuka, risasi moja ikaenda pembeni, nikafadhaika, na mwili wangu, mwanangu, ukafanya kile unachokijua. Sikuamua. Niliona tu bunduki imeshahamia bega la kushoto, nimeitoa ile karatasi ya miwani, najiona nimefika nyumbani. Lakini mpini wa bolti uko upande wa pili! Nikaupitisha mkono juu ya darubini ya kulengea kuufuata, nikainua kichwa, ganda la risasi likatoka mbele ya uso wangu, nikarudi chini mbio, nikaiona shabaha safi kama ninavyokuona weye, nikapiga. Katikati kabisa. Niliisikia mwilini kwamba ni katikati.

Ilikuwa shabaha ya jirani.

Nilikuwa nimeinua kichwa na kukirudisha nikalenga shabaha yenye namba ya kijana wa pembeni yangu. Kwa wapiga shabaha hiyo ni aibu ya kuvuliwa nguo sokoni. Risasi yako inahesabiwa hakuna, na uwanja mzima unatangaziwa. Bi Jean akaja, akachutama, akaigusa ile bunduki, akaniuliza taratibu, "Kwa nini umejengewa bunduki ya mtu mwingine?" Baba Mkubwa alikuwa amesimama nyuma yake. Alilisikia swali. Akageuka akaenda kungoja kwenye gari.

Nafasi yangu akapewa yule kijana wa pembeni, yule niliyempigia shabaha yake. Ilikuwa haki, sina la kusema juu yake.

Ningeweza kulimeza hilo. Kushindwa kunamezeka. Lililonikaa kooni ni Idi iliyofuata, tumekodi ukumbi, wanawake tuko upande wetu tunapakua, na pazia ni jembamba. Nikamsikia mtu anamwuliza Baba Mkubwa habari za bunduki ya mtoto wake. Nikamsikia kwa masikio yangu haya akijibu, "Nilimpa kila kitu. Bunduki ya fundi. Moyo hana." Na watu wakasema masikini, ndiyo wasichana, umejitahidi mzee. Nimesimama na mwiko wa biriani mkononi, na hata pale, Mungu ananiona, niliuangalia kwanza mwiko niko nao mkono gani.

Sikurudi kilabuni. Bunduki aliiuza. Nikasomea uuguzi wa wazee, nikahamia huku Thornton Heath, nikaolewa, nikazaa. Fundi Kuldip nilikutana naye miaka baadaye barabarani Hounslow, amezeeka, ndevu zote nyeupe. Akafurahi kuniona, akaniambia, kama mtu anayenipa zawadi, "Ile ya kushoto niliiweka muda mrefu, nilidhani mtarudi. Nilijua pale pale."

"Ulijua, bwana Kuldip?"

"Mtoto anacheka akiifunga bolti. Nani asijue?"

"Ungekataa kuijenga."

"Mzee wako alikuwa mteja wangu," akasema, na ndege ikapita, akainua kidole. Sikungoja ipite. Nilimwacha na kidole chake juu nikaenda zangu. Alaa! Kumbe wote walijua. Alijua fundi, alijua kocha, na nilikuja kugundua kwamba aliyejua kuliko wote ni mwenyewe Baba Mkubwa.

Kiharusi kilimpiga uzeeni, upande wote wa kulia ukafa. Mie ndiye niliyekuwa nikienda kumhudumia, kabla ya zamu na baada ya zamu, maana kazi yangu ndiyo hiyo na mtu mwingine hakuwapo. Nawajua wagonjwa wa kiharusi, mwanangu. Mtu wa kulia ukimpa kijiko kwa kushoto, mwanzo ni kilio. Uji unaingia puani, shingoni, anakirusha kijiko ukutani. Tunawazoesha polepole kama watoto wachanga. Siku ya kwanza nilimfunga Baba Mkubwa taulo kifuani, nikamwekea bakuli la uji wa mchele, nikageuka kuchukua kitambaa cha kumpangusia. Nilipogeuka alikuwa anakula. Kwa kushoto. Anachota, anapeleka, anafunga mdomo, hata tone halikuanguka. Mkono ule ulikuwa umetulia kuliko ninavyokula mie kwa kulia maisha yangu yote.

Nilisimama na kile kitambaa. Akainua macho, akaniona nimeona.

"Usinitazame hivyo," akasema. Ulimi wake ulikuwa mzito lakini nilimwelewa kila neno. "Babu yenu alikuwa akinifunga mkono huu kwa kamba ya mnazi. Shuleni wakanifunga tena. Hata kwenye uaskari, bunduki ya serikali ina bolti upande mmoja tu. Nikajifunza. Mie niliweza, nikajua nawe utaweza."

"Uliumia?" nikamwuliza.

Akachota kijiko kingine. Alisema, "Nilikuwa nakusitiri, mwanangu."

Kunisitiri! Nilikuwa na maneno ya miaka yote kifuani. Ningemgombeza nani? Kizee cha nusu mwili? Na hapo mlango ukagongwa. Walikuwa wazee wenzake wa msikitini wamekuja kumwangalia. Baba Mkubwa akaweka kijiko chini haraka, akauingiza ule mkono mzima chini ya blanketi, akaniambia kwa kunong'ona, "Nilishe weye. Wasione."

Nikamlisha. Nilimlisha mbele yao kijiko kwa kijiko, kwa mkono wangu wa kulia, na uji ukamchuruzika kidevuni, maana mie kwa kulia sina shabaha. Wazee wakatikisa vichwa, wakasema ama kweli umelea, Athmani, mtazame mtoto anavyokuhudumia. Akanitazama juu ya kijiko. Sitakwambia macho yale yalisema nini, maana sijui, na nimechoka kuyatafutia maana. Kila walipokuja watu tulifanya hivyo hivyo, mpaka alipofariki. Samahani hakuniomba. Nami nilimfulia nguo zake, nikamwombea, na bado nina hasira naye. Vyote viwili viko ndani yangu na haviondoani.

Basi sasa nakupa ulichokuja kukitafuta.

Ya chuma kwanza, yasikuchukue akili. Usichague aksheni kwa jina wala kwa mng'aro. Jiulize utapiga umbali gani na risasi ya urefu gani, maana risasi ndefu hailali ndani ya aksheni fupi, na usibebe chuma kirefu bila kazi. Ifunge bolti kwa vidole viwili uone inakwamia wapi. Muulize fundi vipuri vinatoka wapi na nani ataitengeneza yeye akizeeka. Na kama ya kushoto inangojewa, ngoja. Weye kijana, unakimbilia nini? Piga na za kilabu, zima simu, ngoja.

Ya pili ni hii, na ndiyo kubwa. Mtu mzima akikwambia ufanye jambo, msikize, mheshimu, mbusu mkono. Lakini akisema "ili watu wasiseme", hapo jua hasemi na weye tena, anasema na watu waliomuumiza yeye kabla hujazaliwa. Huna deni la kuwajibu watu hao kwa mwili wako. Kula kwa kulia kama mama yako alivyokufundisha. Bunduki ishike unavyoiona. Na ukiulizwa na fundi, "Unasemaje?", fungua mdomo useme, hata sauti ikitetemeka.

Na kama huwezi kusema, usiseme. Sitakulaumu kwa hilo, najua ni kuzito. Ndiyo maana siku ya kwenda kwa fundi nakuja nawe. Nitavaa baibui langu jipya, nitakaa pale kwenye kiti, na baba yako akisema "ya kulia", nitamjibu mie. Shemeji yangu yule ananiogopa, na safari hii nitaitumia hofu yake bila haya yoyote. Mle karakanani nilikosa mtu mzima mmoja tu wa kusema "mwacheni". Mmoja tu, Idrisi. Weye unaye.

Njoo hapa, nipe mikono. Yote miwili, usiufiche huo. Mungu akupe jicho lisilobabaika na pumzi ndefu. Akulinde na wanaokupenda wakikosea. Akujaalie uzee ambao utakula mbele ya wageni wako bila kujificha. Amin. Sasa mpigie baba yako, nipe niongee naye.